Mwambie Huyo Rafiki Yako

9 Februari

Shikamoo Mama,

Najua tutaongea Jumapili, lakini kwenye simu huwa nakauka. Mdogo wangu Tarumbeta anapiga kelele kabla sijafungua mdomo, Baba anaishika simu mbali na sikio kana kwamba inaunguza, na shangazi akiwepo ndiyo basi tena. Zamu yangu ikifika nasema sijambo, nasoma, shule nzuri, halafu nampa mwingine. Wewe unasema, "Kobe, umeingiza kichwa ndani tena?" na wote wanacheka. Sichukii wakicheka. Ni kwamba maneno yangu huja wakati simu imeshakatwa, nami nimekaa nayo mwenyewe hadi Jumapili nyingine. Kwa hiyo nimeamua kuandika.

Nyumba ni ile ile. Sebuleni kuna makochi matatu ya yule mwanasheria. Baba ameyavua nguo yote, yamebaki mbao na springi, na vipande vya sponji vimejaa hadi kwenye viatu vyetu vya shule. Kochi letu halijaguswa. Ile springi ya upande wako imetoboa kitambaa kabisa sasa, na Tarumbeta anasema kochi limeota jino. Mgeni akitaka kukaa pale tunamwambia, "Hapo pana mtu."

Mchungaji alitangaza tena kanisani kwamba uko chuoni unachukua shahada ya uzamili ya huduma ya vijana na familia. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, ila nilikuwa natazama chini.

Wanakuulizia sana. Jumamosi saa tisa mlango wa nyuma bado unagongwa, kama wakati ule ulipokuwa ukiwapokea vijana hapa. Wanajua kabisa kwamba hupo. Nadhani miguu yao imezoea.

Mama, nina swali. Kuna rafiki yangu mmoja. Sitamtaja, kwa sababu wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba neno la kijana halitoki nje ya chumba lilimosemwa. Huyo rafiki yangu haongei na baba yake. Hawakupigana wala kutukanana. Baba yake alimwambia neno mbele ya watu, yeye akanyamaza, na baba naye akanyamaza, na sasa wanapishana mlangoni kama wapangaji. Afanye nini?

Tafadhali usinijibu kwenye simu.

Na je, mna mtihani wa familia? Swali la kwanza linakuwaje? Niandikie majina ya vitabu mnavyosoma, hata kama sitavielewa.

Mwanao,
Kobe

*

21 Februari

Kobe wangu,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za maktaba, watu wanapita kushoto na kulia wananiona kama nguzo. Nimeisoma tena chumbani, na mwenzangu wa chumba, mwalimu mstaafu anayesoma kozi nyingine na kusali kwa sauti hata usingizini, akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, nimepata barua.

Mtihani tunao. Swali la kwanza la juzi lilikuwa: "Eleza nafasi ya mzazi asiyekuwepo nyumbani katika malezi ya imani ya mtoto." Nilikaa nimeshika kalamu mpaka msimamizi akaja kuuliza kama ninaumwa.

Darasani mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Wenzangu ni wachungaji vijana wenye mashati yaliyonyooshwa vizuri, wananiita Mama Mkubwa, na wananiletea vifungo vyao vikikatika. Wiki iliyopita tulikuwa na zoezi la kusikiliza. Mnakaa wawili wawili; mmoja anaongea, mwingine hajibu, hashauri, hatikisi hata kichwa. Nilishindwa mapema sana. Mwalimu wetu wa ushauri, mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, alinitazama akasema, "Mama, wewe umesikiliza kwa mdomo." Darasa zima likacheka. Ningependa ungekuwepo uone jinsi nilivyoingiza kichwa ndani. Hapo wangejua umemrithi nani.

Sasa, huyo rafiki yako. Mwambie asianze na maneno. Aangalie baba yake anafanya kazi gani kwa mikono, aende akakae naye. Akae ubavuni, asikae mbele yake. Ashike kitu, hata kama ni kumshikia tu upande mmoja wa mbao au kumpa uzi. Kuna watu ukiwatazama usoni wanajifunga kama dirisha, lakini mikono ikiwa kazini masikio yanafunguka. Asiombe msamaha siku ya kwanza wala asidai. Akae tu. Siku moja mmoja wao atasema jambo dogo lisilohusu chochote, na hapo ndipo mlango ulipo.

Na umwambie huyo rafiki yako kwamba ninampenda sana. Sana, umesikia? Hata kama anaona haya, hata kama amenificha jambo. Mwambie hivyo hivyo nilivyoandika.

Majina ya vitabu nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Kile cha tatu kizito, usikisome ukiwa na njaa.

Mama yako

*

6 Machi

Shikamoo Mama,

Asante kwa jibu. Nilimwambia rafiki yangu neno kwa neno. Nilisema, "Mama amesema ukae ubavuni, usikae mbele." Alitaka kujua kama ni lazima. Nikasema Mama amesema. Nilipofika pale kwamba unampenda sana, alikohoa, akatazama viatu vyake muda mrefu, halafu akasema, "Mwambie asante."

Alifanya hivyo, Mama. Aliamka alfajiri akakaa na baba yake kazini. Siku za kwanza walikula jiwe wote wawili, bila neno. Halafu juzi baba yake akamwambia, "Hilo shati ni la nani? Linakubana." Ni hilo tu. Lakini rafiki yangu alikuja akanieleza kana kwamba amepewa zawadi.

Nimeanza kitabu cha kwanza katika vile ulivyoniandikia. Nimekipata maktaba ya shule. Baba akiniona na kitabu anasema, "Karibu, Profesa," anapita na nyundo yake. Hasemi zaidi ya hapo. Yuko vile vile, kimya kama maji ya mtungi. Usiwe na wasiwasi.

Kuna swali jingine. Hili ni la rafiki mwingine, msichana wa umri wangu. Mama yake yuko mbali naye muda mwingi kwa ajili ya kazi, na kazi yenyewe ni kuwatunza watu. Kila mtu anamsifu. Wanamwambia huyo msichana, "Una bahati kuwa na mama kama yule," na yeye anaitikia. Lakini ndani ana hasira. Anasema mama yake ana mikono ya kumshika kila mtu isipokuwa yeye. Halafu anaona aibu kwa kuwaza hivyo, kwa sababu mama hafanyi kosa lolote, anafanya kazi njema. Je, amwambie? Akimwambia, si atamuumiza bure? Asipomwambia, hiyo hasira aiweke wapi?

Ananisubiri Jumamosi kwa jibu lako. Nimemwambia barua huchelewa.

Jumapili uliponiuliza kama kuna jambo, nilisema hakuna. Shangazi alikuwa ametega sikio.

Mwanao,
Kobe

*

17 Machi

Fundi wangu,

Naomba uisome barua hii peke yako, karakana ikiwa imefungwa, na usimwonyeshe mtoto.

Kuna nini kati yako na Kobe? Umemwambia nini mbele ya watu? Usiniambie hakuna kitu. Ananiandikia kuhusu "rafiki yangu ambaye haongei na baba yake". Sasa kuna "rafiki mwingine", msichana wa umri wake, ambaye mama yake yuko mbali akihudumia watu, na yeye amejaa hasira hana pa kuiweka. Fundi, kuna mama wangapi wa namna hiyo katika mtaa wetu?

Mwalimu wetu wa ushauri aliandika ubaoni siku ya kwanza kabisa: "Kijana akisema 'rafiki yangu', wewe sikia 'mimi'." Sote tuliinakili. Niliipigia mstari, nikafikiri habari za watoto wa wenzangu. Sikujua kwamba ninaandika habari ya binti yangu.

Nilikuja hapa nijifunze kusaidia familia, na yangu inavunjika kimya kimya, tena inaniomba ushauri kwa adabu. Ile barua yake ya pili sijaweza kuijibu. Nimeanza mara kadhaa. Nikiandika kama mwalimu, naona ninamdanganya. Nikiandika kama mama, natoboa siri aliyoificha kwa uangalifu mkubwa vile.

Mazoezi ya vitendo yanaanza tarehe 15 Aprili, katika wodi ya watoto, kukaa na familia za waliolazwa. Asiyeanza siku hiyo hana shahada. Wala kanisa halitanituma mara ya pili, unajua ilivyokuwa vigumu kukubaliwa mara hii. Nimelifikiria hilo, na bado nimeshateremsha begi kutoka juu ya kabati.

Niambie ukweli. Ukiniambia kwamba ni kweli, ninarudi.

Mkeo

*

29 Machi

Mama Watoto,

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Karatasi hii ni ya tatu, mbili zimeloa gundi.

Umeuliza nilimwambia nini mtoto mbele ya watu. Nimefikiri wiki nzima. Nilichokumbuka ni kwamba nilimwambia mbele ya shangazi yake kwamba anakula kama ndege. Kama ni hilo, niko tayari kuomba radhi kwa ndege pia.

Umesema nisimwonyeshe barua, sikumwonyesha. Lakini mimi sijui kuzunguka. Nilimuuliza wazi, "Profesa, una ugomvi na mimi?" Akashangaa, akasema hapana. Nikamwambia, "Basi mama yako huko anadhani upo, na anataka kufunga virago arudi." Hapo uso ukabadilika. Nilimuuliza kuhusu hao marafiki, akasema, "Baba, ni siri. Mama alisema neno la kijana halitoki chumbani." Sasa hapo mimi nifanye nini na sheria zenu?

Ila nitakueleza nilichokiona kwa macho. Jumamosi vijana wanaingia kwa mlango wa nyuma. Mimi nilidhani wanakuja kuazima vitabu. Wanakaa kwenye makochi ya mwanasheria, yale yasiyo na kitambaa, na mtoto anakaa nao akisikiliza. Mtu asiyeweza kumsalimia mteja wangu bila kujificha nyuma ya mlango. Na Jumamosi iliyopita mwoka mikate alikuja na kijana wake. Hao walikuwa hawasemezani, mtaa mzima ulijua. Walikuja wamebeba mkate mmoja, wameushika watu wawili kana kwamba ni mzito. Wakasema ni wa Mama, kwa shukrani. Nikawaambia Mama hayupo. Kijana akasema, "Tunajua, lakini alitusaidia." Tarumbeta ameshaula.

Kwa hiyo kitabu chako hapo kimepotea njia. Usirudi kwa sababu ya ugomvi ambao haupo.

Ukitaka kurudi kwa sababu nyingine, hiyo useme. Siwezi kukuambia usirudi moja kwa moja, mkono wenyewe unakataa kuandika.

Ni kweli haongei nami sana. Mimi pia siongei naye. Wewe ndiye uliyekuwa unatafsiri.

Fundi

*

30 Machi

Mama,

Baba ameniambia kwamba unataka kurudi, na kwamba wodini unaanza tarehe 15. Amekuandikia kwamba si kweli, nilimwona akiandika. Usimsikilize, yeye hajui.

Ni mimi. Rafiki wa kwanza ni mimi na wa pili ni mimi. Nilificha.

Rudi, Mama. Kabla ya tarehe 15.

Kobe

*

6 Aprili

Shikamoo Mama,

Sijui kama barua hii itakukuta. Kama umeshaondoka, basi tutaikuta pamoja siku ikirudishwa, na nitaona aibu mbele yako badala ya kuiona hapa peke yangu.

Jumapili nilijaribu. Nilichukua simu, nikaenda nayo hadi karakana, nikasema, "Mama." Ukasema, "Naam, mwanangu." Nikasema, "Mvua imenyesha." Ukasema, "Imenyesha sana?" Nikasema kiasi. Halafu Tarumbeta akaninyang'anya.

Nilichotaka kusema ni kwamba nilikudanganya tarehe 30. Marafiki ni watu kweli. Wa kwanza ameniruhusu nikuambie: ni yule kijana wa mwoka mikate. Sasa wanagombana kwa sauti kila asubuhi juu ya unga, na anasema hajawahi kufurahi hivi. Wa pili ameniruhusu nikuambie habari yake lakini jina nisitaje.

Wewe hukunijibu kuhusu yeye, na sasa najua kwa nini. Alikuja jana. Nilikuwa nimepanga kutunga jibu, niseme tu "Mama amesema", kwa sababu nimeshasoma kitabu kizima na nilijiona ninaweza. Lakini alipokaa nikashindwa. Nikamwambia, "Mama hajajibu." Akasema, "Basi wewe unasemaje?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi kaa tu, si lazima useme."

Nikakaa. Nilikaa ubavuni, nikachukua koleo la Baba nikawa nang'oa misumari ya zamani kwenye mbao za kochi. Yeye alishika kipande cha sponji, akawa anakichuna chuna. Akaongea mpaka chai ikapoa. Sikumjibu, Mama, hata kichwa sikutikisa. Wewe ulishindwa lile zoezi, lakini mimi nimezaliwa nalo.

Alinieleza kwamba siku moja alificha kiatu cha mama yake cha kazini. Kimoja tu, ili asiende zamu. Mama yake alikitafuta chini ya vitanda, nyuma ya ndoo, nyumba nzima. "Nilikuwa nimekikalia," akasema. "Ananiuliza, hujakiona? Nasema sijakiona, na kisigino kinanichoma." Mwishowe mama yake alivaa ndala akaenda hivyo hivyo, akasimama zamu nzima na ndala. "Hakukaa nyumbani," akasema, "na mimi kutwa nilikuwa nawaza miguu yake."

Alipoondoka, Baba aliingia akakuta nimeshika koleo nalia. Hakuuliza. Alikaa upande wa pili wa kochi, akaanza kung'oa misumari ya upande wake. Baadaye akasema, "Hiyo mirefu uiweke kando, inafaa tena." Nikaiweka kando. Halafu nikamweleza yote, Mama, mpaka barua ya tarehe 30. Akang'oa msumari mwingine, akasema, "Hata mimi kile kiatu ningekikalia."

Mama, nimekalia kiatu chako. Nakirudisha.

Nenda wodini. Usije. Sisemi hivi kwa kuwa mimi ni mtoto mzuri, maana mpaka sasa nikisikia geti linalia naenda dirishani. Nasema hivi kwa sababu kuna watoto watakaokuwa wamelazwa huko, na mama zao watakaa pale bila kujua waseme nini, na wewe unajua.

Sina hasira na wewe. Nilikuwa nayo kidogo siku za makofi kanisani. Nina hamu na wewe tu. Ni hamu ya vitu vidogo, kama vile unavyofunga mlango kwa kisigino ukiwa umebeba vitu mikono yote miwili. Sasa mlango unafungwa kimya, na hakuna anayejua nani ameingia.

Mwanao,
Kobe

*

17 Aprili

Kobe wangu,

Barua ya baba yako na ile yako ya tarehe 30 nilizipokea siku moja, kwenye bahasha mbili. Moja inasema usirudi, nyingine inasema rudi. Nilizilaza kitandani nikazitazama kama hakimu. Mwenzangu wa chumba akasema, "Mmoja wao anasema uongo." Nikamwambia, "Hapana, mmoja wao anaumia." Nikafunga begi. Kwenye simu sikuwaambia, nilitaka mnikute nimefika. Na uliposema mvua imenyesha, nilijua una neno jingine mdomoni, nikadhani neno lenyewe ni "njoo upesi".

Tarehe 14 asubuhi nilikuwa getini na begi, nimevaa viatu vyote viwili. Mlinzi akaniita, "Mama Mkubwa, posta imekuja, chukua ya kusomea njiani." Nilikaa kwenye benchi lake nikaisoma. Basi lilikuja likaondoka. Mlinzi akadhani sikuliona, akalipigia mluzi. Nikamwambia aliache.

Nisikudanganye, mwanangu. Sikubaki kwa sababu uliniambia nisije. Nilipofika pale pa kisigino na mlango, nilisimama nikashika begi tena. Nilibaki kwa sababu niliona mtu aliyekaa na yule msichana mpaka chai ikapoa hana haja ya kuokolewa. Ana haja ya mama yake, na hilo ni jambo jingine, nalo halipungui nikibaki wala halikuwa kosa kulisema.

Nilikosea, Kobe. Ulinifuata kwa maneno ya kweli na mimi nikakusikia kwa kitabu. Nilimweleza mwalimu wetu wa miwani mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa, halafu akaenda ubaoni, akaandika tena ile sentensi yake: "Kijana akisema 'rafiki yangu', wewe sikia 'mimi'." Akaongeza chini yake: "Kisha muulize." Akaniambia somo hilo limekuwa na upungufu kwa miaka yote aliyolifundisha.

Wodini nimeanza. Kuna baba mmoja hakai, anazunguka kitanda cha mwanawe kutwa. Jana nilimpa upande mmoja wa shuka tukaikunja pamoja. Tukakunja na nyingine. Kwenye ya tatu akaniambia jina la utani la mtoto wake. Sikumjibu. Ninajifunza kwako.

Sasa na mimi nina swali, na tafadhali usinijibu kwenye simu. Kuna rafiki yangu mmoja, mwanamke wa umri wangu. Anasomea jinsi ya kutunza familia za watu, na ana binti ambaye ni mkimya. Kila akifungua kitabu anaona uso wa huyo binti kwenye ukurasa, na anasoma mstari mmoja mara tano. Wenzake wanamwambia amebarikiwa kupata nafasi hii, naye anaitikia. Jioni anafunga mlango wa chumba kwa kisigino, ingawa hajabeba kitu. Amebakiza mwaka na ushee. Afanye nini?

Mama yako

*

29 Aprili

Shikamoo Mama,

Huyo rafiki yako simfahamu, lakini nimemfikiria sana.

Baba ameanza kochi letu. Makochi ya mwanasheria yameondoka, sebule imekuwa wazi, na Jumapili baada ya ibada aliligeuza letu miguu juu bila kumwambia mtu. Springi yako ameing'oa, Tarumbeta ameiomba awe nayo kama jino. Mimi napaka gundi na kushika mkanda. Anaongea sasa, ila anaanza na mambo ya mbao. Jana aliniuliza kitabu cha tatu kinasema nini. Nikamweleza. Akasema, "Kumbe ni watu tu." Amefika hadi kwenye sponji, imelala vizuri, lakini kitambaa hajanunua. Nilimuuliza anangoja nini. Akasema mwenye kuchagua rangi hajafika, na kochi halina haraka.

Jumamosi walikuja watano. Tulikaa kwenye mkeka.

Mwambie rafiki yako asome. Akishindwa kusoma, akunje shuka na mtu, akae ubavuni. Mwambie aendelee kuufunga mlango kwa kisigino, maana huku na mimi nimeanza kufanya hivyo, ili nyumba isikike kwamba kuna aliyeingia.

Na umwambie kwamba ninampenda sana. Sana, umesikia? Mwambie hivyo hivyo nilivyoandika.

Mwanao,
Kobe